Majina Kwenye Tumbo la Kuba

Waliohudhuria kikao cha Kamati ya Kuba, kilichofanyika siku ya Jumapili baada ya ibada, ndani ya Kanisa Kuu la Shela ya Bikira, mjini Velitsa, ni hawa wafuatao: Padre Varsonofi, mwenyekiti, Bwana Gleb Arkadyevich Tyurin, mwenye kiwanda cha mbao na mfadhili mkuu, Bibi Ninel Fyodorovna Sizova, mkuu wa ofisi ya utamaduni ya mji, Fundi Nikandr Zosimich, seremala, Bibi Agafia Pudovna, muuza mishumaa, aliyewawakilisha waumini bila kuchaguliwa na mtu, na mimi, Pimen Rodionovich, mwalimu wa uchoraji katika shule ya mji, katibu. Hakuna aliyeleta udhuru. Mvua nayo ilihudhuria, ingawa haikualikwa.

Tuliketi juu ya mabenchi mawili yaliyoazimwa shuleni, chini kabisa ya kuba kubwa, wanaume kofia mikononi kama inavyopasa kanisani. Kati yetu yalipangwa mabeseni. Kila tone lilikuwa na sauti yake, kulingana na kina cha maji lililoyakuta, na Bibi Agafia, ambaye kazi ya kuyamwaga ilimwangukia, alikwisha kujua kwa masikio tu ni beseni lipi lililojaa.

Ajenda ilikuwa moja. Idara ya majengo ya kale ya mkoa ilikuwa imemkabidhi Padre ufunguo kwa sharti kwamba paa liwe zima kabla ya sikukuu ya Shela. Mkaguzi angefika Ijumaa. Akikuta pakavu, Padre angeongoza ibada ya sikukuu humu ndani Jumapili ijayo. Akikuta maji, ufunguo ungerudi mkoani na kanisa lingefungwa tena kwa muda ambao hakuna aliyethubutu kuukisia. Katika kanisa hili mama yake Padre alibatizwa, kabla halijageuzwa kuwa ghala la kitani. Yeye mwenyewe hajawahi kuongoza ibada humu hata mara moja. Tangu apewe parokia ya Velitsa amekuwa akisalisha katika jengo lililokuwa duka la mikate, ambako hadi leo, siku za joto, kuta hutoa harufu ya mkate mweusi uliotoka tanuri, na waumini wakati wa mfungo hupata mateso ya ziada ambayo Kanisa halikuyapanga.

Ni lazima nilieleze kwanza kuba lenyewe, kwa sababu pasipo hilo upumbavu wetu hautakuwa na kipimo.

Kanisa letu ni la mawe yaliyopakwa chokaa. Juu ya kuta zake zimepandana safu za matao madogo yenye ncha, tao moja juu ya mabega ya jingine, kama wanawake waliovaa vilemba vya harusi wakipanga mistari ili wapigwe picha. Nyuma yao zinachomoza shingo tano nyembamba, na kila shingo imebeba kuba. Kuba huanza jembamba pale linapokaa juu ya shingo. Mara linavimba kupita shingo yenyewe, linajikunja kurudi ndani, na mwishowe linanyooka kuwa ncha ya kushika msalaba. Nimewafundisha vijana wengi kuchora mstari huo. Bikari peke yake haiuwezi. Kuna mahali mkono hauna budi kuachwa uende wenyewe, na hapo ndipo ninapomtambua mwanafunzi aliyelitazama kuba na yule aliyelitazama daftari la jirani yake.

Ngozi ya kuba ni vigae vya mbao za mti wa aspeni, kila kigae kimechongwa meno mwishoni na kupindwa kidogo ili kifuate tumbo. Aspeni mpya ni ya manjano. Mvua na upepo vikishaizoea hugeuka kuwa ya fedha, na tangu hapo huwa haina tena rangi yake yenyewe. Asubuhi huazima waridi la mbingu. Kabla ya mvua huwa samawati. Na siku ya theluji huwezi kusema kuba linaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi.

Hayo ndiyo tunayoyapenda. Angalau ndivyo tunavyowaambia wageni.

Anayewaambia ni Bibi Ninel Fyodorovna, na huwaambia kwa mpangilio. Basi la wastaafu huambiwa kwamba kuba la Kirusi ni mwali wa mshumaa unaowaka kwa sala. Basi la wanajeshi huambiwa kwamba ni kofia ya chuma ya shujaa. Watoto wa shule huambiwa kwamba ni kitunguu, kwa kuwa watoto hawadanganyiki. Siku moja mabasi mawili, la wastaafu na la wanajeshi, yalifika pamoja. Bibi Ninel alisimama katikati yao, akafumba macho kidogo, kisha akatangaza kwamba ni kofia ya chuma inayowaka moto. Walimpigia makofi, nao wastaafu wakanunua sumaku za kubandika kwenye majokofu.

Katika majira ya kuchipua, theluji ilipoyeyuka, vigae vya kale vya kuba kubwa vilikutwa vimeoza, na kamati ikaundwa. Kwetu kuna desturi kwamba mtu anayechangia kuezeka kanisa huandikiwa jina lake juu ya kigae, ili akumbukwe kila inaposaliwa ibada chini yake. Jina huandikwa kwa penseli, upande wa ndani. Kigae kikishapigiliwa, hakuna jicho la binadamu litakaloliona tena. Baba zetu waliona jambo hilo linatosha.

Gleb Arkadyevich hakuona hivyo.

"Nisaidie kuelewa, Baba," alisema katika kikao cha kwanza, huku akipuliza chai yake kwenye kisahani. "Natoa miti. Natoa malori. Natoa watu wangu. Halafu jina langu lilale kifudifudi gizani kama mlevi?"

"Mungu analisoma," Padre alimjibu.

"Mungu ananijua, Baba. Hatujawahi kugombana. Wasionijua ni watu wa mabasi."

Padre alicheka, nasi tukacheka, tukadhani neno limekwisha. Lakini mwezi wa sita magoti ya Padre yalikataa kabisa kumbeba, akapelekwa hospitali ya mkoa, na huko akakaa majira yote ya joto. Alipokuwa akipandishwa garini alitushika mikono mmoja mmoja na kusema tufanye kazi kama ilivyo desturi. Gari halijapita hata daraja la mto, Gleb Arkadyevich aliitisha kikao, akapendekeza majina yachomwe upande wa nje wa vigae.

Aliyepinga ni fundi, na alipinga kwa nguvu zake zote, kwa maana Nikandr Zosimich ni mtu asiyejua kusema jambo lolote kwa sauti ya chini. Hata salamu huitoa kama anayeita mtu aliye ng'ambo ya mto. Tena huamini kwamba tangu babu yake afe hakuna seremala mwingine aliyezaliwa kaskazini yote isipokuwa yeye.

"Uso wa nje nauchonga kwa shoka!" alipiga meza hadi samovari ya chai ikatikisika. "Shoka! Mnanisikia, nyie watu wa ofisini? Shoka linafunga vinyweleo vya mti, maji yanateleza. Sasa nyie mnataka mpige randa, eti mashine yenu ya kuunguza herufi ipate uso laini. Mti uliopigwa randa unakunywa maji kama mjomba wangu kwenye harusi! Na hizo herufi mkishazichimba, si ndiyo mmeupa na kikombe? Sifanyi. Babu akifufuka atanitandika. Tafuteni fundi mwingine, kama yupo, na wala hayupo!"

Akatoka, akaubamiza mlango. Muda si mrefu akarudi, kwa kuwa alikuwa amesahau kofia yake.

"Fundi," Gleb Arkadyevich alimwambia kwa upole mwingi, "tulikuwa tunajadili jambo dogo hapa. Jina la fundi mkuu liwe sawa na la wengine, au liwe kubwa zaidi?"

Nikandr Zosimich alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Kubwa kiasi gani?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akisema kwa sauti ya kawaida.

Likabaki suala la mpangilio. Mimi nilipendekeza mfuatano wa alfabeti. Pendekezo hilo lilipokelewa kwa kile kimya ambacho wanafunzi hukitoa mwalimu anapoongeza swali baada ya kengele kulia, na Bibi Ninel akahamia kwenye jambo lililofuata. Ikaamuliwa kwamba kila mchangiaji achague nafasi yake kwenye mchoro wa kuba, ambao niliuchora mimi kwa kipimo sahihi na kuubandika mlangoni pa ofisi ya utamaduni.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikufundishwa chuoni. Kwenye kuba la aina yetu, vigae vilivyo juu kabisa, vinavyokumbatia mguu wa msalaba, havionekani kutoka chini, kwa sababu tumbo la kuba linavificha. Vinavyoonekana vizuri ni vile vya tumboni, hasa pale linapovimba na kuwainamia watu uwanjani. Kwa hiyo kila mchangiaji aliwekewa mbele yake uchaguzi ulio wazi, akae karibu na msalaba au akae mahali pa kusomwa. Mji mzima wa Velitsa ulipita mlangoni pale. Tumbo lilijaa hadi watu wakaanza kugombea mapengo. Karibu na msalaba hakuomba mtu.

"Mimi niweke popote tu, mwanangu," Bibi Agafia aliniambia, akijifunga vizuri kitambaa chake kichwani. "Mimi ni mtu wa chini. Nani mimi niombe nafasi?"

"Asante, Bibi. Basi nitakuweka hapa pembeni."

"Pembeni sawa. Ila huyo jirani yangu Fevronia umeshamwandika?"

"Ameshaandikwa."

"Awe chini yangu. Popote utakaponiweka, yeye awe chini. Si kwa ubaya, mwanangu. Ni mfupi, atajisikia vizuri."

Majira yote ya joto mji ulinuka mbao zilizoungua. Mashine ya Gleb Arkadyevich ilichimba herufi nyeusi, nene, za kina cha kucha ya kidole gumba. Maneno yake mwenyewe aliyatunga kwa siku kadhaa, na yalisomeka hivi: "Gleb Arkadyevich Tyurin, mwenye viwanda, pamoja na familia yake, kwa unyenyekevu." Maneno hayo hayakuenea kwenye kigae kimoja, yakagawanywa juu ya vigae vingi vilivyopangwa sambamba, na neno "unyenyekevu" peke yake lilihitaji vinne. Kwa bahati mbaya cha mwisho kati ya hivyo vinne kiliangukia upande wa pili wa kuba, na hivyo kwa mtu asimamaye uwanjani unyenyekevu wake ulikatika kabla ya kukamilika.

Kazi ilipokwisha, Bibi Ninel alisimika uwanjani darubini ya kutumbukizia sarafu, ili watu, kama alivyosema kwenye hotuba ya ufunguzi, wapate kuuthamini kwa ukaribu mtindo wa pekee wa makanisa ya Kirusi. Watu walikuja kuuthamini. Walipanga foleni tangu asubuhi.

"Toka basi, umeangalia vya kutosha!"

"Subiri, bado sijajiona!"

"Uko kushoto, mama. Nyuma ya kuba dogo."

"Nyuma? Mimi nyuma? Na yule anayeonekana pale kama mwezi ni nani?"

"Yule ni daktari wa meno."

"Alining'oa jino zima, mwizi yule! Leo ndiye wa mbele?"

Kila aliyejiona alipiga picha, akaituma kwa ndugu zake walioko mbali, akaenda zake. Sikumsikia hata mmoja akitaja matao wala shingo. Hakuna aliyeuliza kwa nini kuba letu, lililokuwa likiazima rangi za mbingu, sasa limekuwa la manjano na limejaa maandishi meusi kila upande, mfano wa kitunguu kilichofungwa kwa gazeti.

Padre Varsonofi alirudi mwanzoni mwa majira ya kupukutika majani, akitembea kwa fimbo. Alishuka garini pale pale uwanjani na kusimama kwa muda mrefu, shingo yake imepinda nyuma, ndevu zake zimeelekea mbinguni. Gleb Arkadyevich alisimama kando yake kama baba aliyepata mtoto wa kiume.

"Unaonaje, Baba?"

"Linasomeka," Padre alisema.

Kazi ilikuwa imekwisha, fedha za watu zilikuwa zimetumika, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake kwa mara ya kwanza maishani. Nilimwona akiugusa kupitia kitambaa cha kanzu, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu hakijadondoka. Jioni ile ile aliingia kanisani peke yake na kupima kwa hatua zake za kuchechemea umbali kutoka malango ya madhabahu hadi mahali atakaposimama kusoma Injili. Wiki iliyofuata aliwaleta wanakwaya, wakaimba mstari mmoja tu, na sauti zao zilipanda hadi ndani ya kuba, zikazunguka, zikarudi kwetu zikiwa zimekua. Padre alitoa leso na kujifanya anafuta miwani, ingawa havai miwani.

Baada ya hapo mvua zikaanza.

Sasa narudi kwenye mabeseni. Padre alifungua kikao kwa sala, kisha akaniomba nisome taarifa ya katibu. Nilisimama na kukunjua ramani ya sakafu, ambayo nilikuwa nimeiandaa kwa penseli ya rangi mbili, nyeusi kwa majina yaliyo juu, samawati kwa maji yaliyo chini.

"Wajumbe," nilisema, "baada ya kuyafuatilia matone, nimebaini kwamba hayaanguki ovyo. Yana utaratibu. Mahali ambapo jina ni fupi, pametosha bakuli. Mahali penye jina, jina la baba na ukoo, pamehitajika beseni. Na mahali palipoongezwa cheo..."

Macho yote yaligeukia pipa lililokuwa miguuni pa Gleb Arkadyevich. Lilikuwa pipa la kuchachulia kabichi, lililoletwa baada ya mabeseni mawili kushindwa kazi.

"Unyenyekevu huo," alisema Bibi Agafia. "Nimeumwaga mara tatu tangu asubuhi. Mgongo wangu wote umekufa ganzi kwa unyenyekevu wa Gleb Arkadyevich."

"Wewe nawe bibi, lako halivuji?" Gleb Arkadyevich aliuliza.

"Langu linadondoka kidogo tu, kwa adabu. La Fevronia ndilo linamwagika!"

"Nilisema!" Nikandr Zosimich alinguruma, na mwangwi ukarudia maneno yake kutoka juu. "Nilisema au sikusema? Randa! Mti unakunywa!"

"Ulisema, fundi," Bibi Ninel alimkubalia. "Kisha ukachonga. Na lako ndilo linaloonekana bila darubini."

"Mimi ni fundi! Fundi anatia sahihi kazi yake!"

"Umeitia sahihi, tunaiona," alisema Bibi Agafia, akimwonyesha kwa kidole dimbwi lililokuwa likienea chini ya benchi lake. "Inua miguu basi, isije ikalowa sahihi."

Gleb Arkadyevich aliacha watu wacheke hadi wakamaliza. Ni mtu anayejua kungoja. Ndivyo alivyopata kiwanda. Halafu akaeleza mpango wake, na sina budi kukiri kwamba ulikuwa umefikiriwa vizuri. Alikuwa na turubai za plastiki, nyepesi, zisizopitisha maji. Zitatandazwa ndani ya kuba, chini ya mbao, kuanzia kesho. Maji yatakayopita kwenye vigae yatadondokea plastiki na kuteremka pembeni, nyuma yake, bila mtu kuyaona. Ijumaa mkaguzi atatazama juu, atatazama chini, atakuta pakavu, atatia sahihi.

"Tutaipaka rangi ya samawati," Bibi Ninel alidakia, na uso wake ulikuwa umekwisha kung'aa. "Samawati iliyokolea, na nyota. Makanisa mengi yana nyota. Nitawaambia wageni ni mbingu ya kaskazini."

"Na majina?" aliuliza Padre.

"Majina yanabaki pale yalipo. Nani amemkosea nani?" alijibu Gleb Arkadyevich.

Padre alimgeukia seremala. "Nikandr, hayo maji yanayoteremka nyuma ya plastiki yanaishia wapi?"

Nikandr Zosimich alitazama kofia yake. "Ukutani, Baba."

"Ukuta upi?"

"Huu wa picha."

Sote tuliutazama, ingawa tunaujua. Juu ya ukuta wa mashariki Bikira amechorwa akiwa amesimama juu ya wingu, mikono yake imeshika shela ndefu, ameitandaza juu ya umati wa watu wadogo wanaomtazama kutoka chini. Kitani kilirundikwa mbele yake kwa miaka mingi na panya walimtembelea, lakini rangi haikubanduka. Sasa doa la unyevunyevu lilikuwa limeshuka kutoka darini na kufika kwenye pindo la shela.

"Itaharibika?"

"Polepole," alisema fundi. "Si Ijumaa."

"Nani ameongelea kuharibika?" Gleb Arkadyevich alisogeza benchi lake karibu na Padre na kushusha sauti, akasema naye kama mtu anavyosema na mgonjwa wake. "Theluji ikiisha tutaangalia upya, tutarekebisha polepole. Baba, nisikilize. Ijumaa pakavu. Jumapili unasalisha humu. Kwaya humu. Askofu atasikia. Si ndicho ulichokitaka maisha yako yote?"

"Ndicho," alisema Padre.

"Basi! Wewe useme ndiyo tu, mimi nafanya yaliyobaki. Halafu kuna jambo jingine, tulitaka liwe siri hadi sikukuu, lakini acha nikuambie. Hata wewe uko pale juu. Ulipokuwa hospitali tulikuwekea kigae. Upande wa mashariki, juu ya madhabahu yenyewe! Herufi kubwa sawasawa na za fundi."

"Ndogo kidogo," alisema Nikandr Zosimich.

Padre alijishika kwenye fimbo yake na kuinuka, jambo ambalo lilimchukua muda, akatembea kuelekea upande wa madhabahu, ambako lilikuwapo beseni la bati lililojaa nusu.

"Mwalimu," aliniita. "Angalia kwenye ramani yako. Hili ni langu?"

Niliangalia, ingawa sikuhitaji kuangalia. "Ndiyo, Baba. Ni lako."

Aliiegemeza fimbo ukutani, akainama, akalibeba beseni kwa mikono miwili. Fundi aliruka kumsaidia, naye akamkatalia kwa kichwa. Alikwenda nalo hadi mlangoni, maji yakimmwagikia kwenye kanzu kwa kila hatua ya goti bovu, na tukasikia akiyamwaga nje kwenye ngazi.

Waliobaki walikichukulia kimya chake kuwa ndiyo. Bibi Ninel alianza kuuliza kama nyota ziwe za dhahabu au za fedha, Nikandr Zosimich akasema nyota za fedha hazionekani kutoka chini, na Bibi Agafia akataka kujua iwapo mtu aweza kuandikwa jina kwenye nyota. Gleb Arkadyevich alikuwa ameshatoa simu yake kuagiza lori la plastiki.

Padre alirudi na beseni tupu. Alilirudisha mahali pake, akalisogeza kidogo hadi tone likaangukia katikati, akachukua fimbo yake. Hakukaa. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, na nikajikuta nimesimama, kalamu mkononi, kama mwanafunzi aliyeitwa kwa jina.

"Gleb Arkadyevich, weka simu chini," alisema. "Plastiki haitaletwa. Ijumaa mkaguzi atakuta maji, na ufunguo nitamkabidhi mimi mwenyewe, bila kusubiri auombe. Sikukuu ya Shela tutaisali kwenye duka la mikate. Nikandr, kesho baada ya sala ya asubuhi utapanda na kuvua kila kigae chenye jina, utaanza na changu, kisha utalifunika kuba kwa turubai kwa nje, lisishuke tone jingine kwenye ukuta ule. Baridi yote utachonga vipya, kwa shoka, na hakuna kitakachoandikwa ndani wala nje. Vilivyovuliwa vitapangwa uani. Kila mtu aje na mkokoteni wake, achukue jina lake, akalipigilie juu ya mlango wa nyumba yake. Mwalimu, andika hivyo hivyo nilivyosema, na uandike kwamba uamuzi huu haukupigiwa kura."